Mbio zangu za kwanza za kilomita 10: wiki kumi za tizi, na shikamoo iliyokatika katikati

MwendaPole (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Jumapili nimekimbia mbio zangu za kwanza za barabarani, kilomita 10, zile mbio za jamii ambazo kila mtu anaruhusiwa kuingia, mwenye kasi na asiye nayo. Mapaja bado yanauma nikishuka ngazi. Naandika sasa hivi kabla sijasahau, maana nilipokuwa najiandaa nilitafuta sana maelezo ya mtu wa kawaida, si bingwa, nikapata machache mno. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Kwanza mjue nilikoanzia. Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa kutwa, na mara ya mwisho kukimbia kwa hiari yangu nilikuwa shuleni. Wiki ya kwanza ratiba yangu ilikuwa hivi: nakimbia dakika moja, natembea mbili, mara nane. Jumla dakika 24, siku tatu kwa wiki. Siku ya kwanza, kwenye dakika ya nne ya kukimbia, nilihisi ladha kama ya chuma kooni na mbavu zikanibana. Nilikuwa natimka. Akilini mwangu kukimbia kulikuwa na maana moja tu, kutoka nduki, kama mtu anayekimbizwa au anayewahi gari.

Kilichonisaidia ni neno la jirani yangu aliyewahi kukimbia zamani. Aliniambia siku za mazoezi ya kawaida lazima niweze kuzungumza. Nikishindwa kumaliza sentensi bila kudaka pumzi, nipunguze, hata kama mwendo utafanana na wa mtu anayetembea. Baadaye nilisoma na kukuta kwamba makocha wenyewe hukitumia kipimo hicho: pale maneno yanapoanza kukatika ndipo mwili unapotoka kwenye mwendo unaoweza kuubeba kwa saa nzima na kuingia kwenye mwendo wa kuhesabu dakika.

Nikatafuta sentensi yangu. "Mwenda pole hajikwai" ni methali fupi, hata mtu anayetweta anaweza kuimaliza. Nikairefusha mwenyewe: "Mwenda pole hajikwai, na akijikwaa haanguki, na akianguka huinuka akaendelea na safari yake." Ikitoka yote kwa pumzi moja, niko sawa. Nikikwama kabla ya "huinuka", napunguza. Nimeisema sentensi hiyo alfajiri kwa wiki kumi, barabara tupu, hakuna anayenisikia.

Wiki ya nne nilianza kuona mabadiliko. Kilima kilichokuwa kinanisimamisha nikakipanda chote. Nikafurahi, na furaha hiyo ikaniponza: wiki ya tano nikatoka kilomita 12 kwa wiki hadi 19, kwa sababu tu pumzi ilikuwa inaruhusu. Siku ya nne muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma, mbele, kwenye ule mfupa, ukigusa unaruka. Nililazimika kukaa siku sita bila kukimbia. Jambo ambalo ningependa kila anayeanza alijue ni hili: moyo na mapafu huzoea upesi, mifupa na kano huchelewa. Kwa hiyo kuna kipindi pumzi inakuambia twende na miguu haijawa tayari, na wengi wanaoumia huumia kipindi hicho hicho. Niliporudi nilikuwa naongeza kidogo kidogo, na kila wiki ya nne napunguza ili mwili upumue.

Wiki ya sita kilomita 5 bila kutembea. Nilifika nyumbani nikakaa kizingitini nikalia, na sioni aibu kusema. Wiki ya tisa kilomita 9, ndio umbali mrefu zaidi niliofika kabla ya siku yenyewe. Wiki ya kumi nikapunguza sana, mara mbili tu, fupi, ili miguu iwe na hamu.

Lengo langu lilikuwa dakika 70, yaani dakika 7 kwa kila kilomita. Nilikuwa na haki ya kuliweka. Mazoezi yalishanionyesha.

Sasa siku yenyewe.

Nilifika saa moja na nusu kabla. Hapo nilifanya vizuri, maana foleni ya vyoo peke yake ilinila dakika 25. Namba ya kifuani nimeibana kwa pini nne, kila pembe moja, usiku wa kuamkia, ili asubuhi nisihangaike na mikono inayotetemeka. Nguo zote, soksi zote, raba zote, ni zile zile nilizokimbilia kilomita 9. Sikuonja kitu kipya. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma na nimeyafuata.

Nisichokifanyia mazoezi ni watu.

Mlio ulipopigwa tulikuwa wengi kiasi kwamba nilitumia dakika 1 na sekunde 48 kutembea tu hadi kuvuka mstari wa kuanzia. Halafu nafasi ikafunguka, na kila mtu akaondoka. Ule mvumo wa miguu, wakuu, mamia ya raba zinagonga lami kwa pamoja, sikuwahi kuusikia. Unakuingia tumboni. Watu wanapiga makofi pembeni, mtoto ananyoosha mkono nimguse kiganja, muziki unapigwa. Nikasema sentensi yangu na sikuisikia. Sikujua imetoka yote au imekatika. Wiki kumi nilikuwa napima mwendo kwa masikio, na sasa masikio yamejaa miguu ya watu wengine.

Kilomita ya kwanza: 5:52. Ya pili: 6:10. Niliziona kwenye saa nikajiambia nimepata akiba. Ya tatu 6:55, na hapo nilikuwa sijapunguza kwa kutaka, miguu ndiyo iliyopunguza. Ya nne kichomi kikanishika chini ya mbavu za kulia, kisu kabisa, nikainama, nikatembea. 8:40.

Watu wanakupita kwa makundi ukiwa umeinama hivyo. Wazee, watoto, mama anayesukuma mtoto kwenye kigari. Nilijiambia nitoke pembeni nirudi nyumbani.

Akaja mzee mmoja, kichwa chote mvi, anakwenda mwendo wa taratibu usiobadilika, kama saa ya ukutani. Alipolingana nami, kwa mazoea tu ya malezi, nikamwamkia. "Shika... moo." Ilitoka vipande viwili. Akaitikia "Marahaba, binti," nzima, laini, kama mtu aliyekaa kitini, kisha akasema: "Salamu yako imekatika. Punguza mpaka iunge."

Nikapunguza. Akaniuliza nimeamkaje, nyumbani hawajambo, hii ni mara yangu ya ngapi, nimejiandaa wiki ngapi. Kila swali lilinilazimisha nijibu, na kila jibu lilikuwa refu kuliko lililotangulia. Ilichukua kilomita nzima, 8:05, mpaka nikaweza kumjibu kwa sentensi kamili. Tulikwenda hivyo hadi kilomita ya saba. Kichomi sijui kiliondoka saa ngapi. Tulipofika kwenye bango la 7 akasema, "Sasa nenda, mimi mwendo wangu ni huu huu." Nikamuaga nikaenda.

Tangu ya sita hadi ya kumi: 7:40, 7:30, 7:25, 7:15, 6:58. Nilimaliza kwa saa 1, dakika 12, sekunde 30. Saa kubwa ya pale mwisho ilisomeka 1:14:18, lakini hiyo inahesabu tangu mlio, na chipu iliyo nyuma ya namba inahesabu tangu ulipovuka mstari mwenyewe. Msikate tamaa mkiiona saa kubwa.

Nimekaa na daftari nikapiga hesabu. Kilomita tatu za mwanzo zilinipa akiba ya dakika 2 na sekunde 3 juu ya lengo langu. Saba zilizofuata zikanidai dakika 4 na sekunde 33. Ndiyo maana nimekosa dakika 70 kwa dakika 2 na nusu. Deni la mwanzo hulipwa na riba, na nimelilipa mwenyewe kwa mbavu zangu.

Maswali yanakaribishwa.

---

Raba Kuukuu

Hongera sana dada yangu. Umeandika hadi nimehisi kichomi. Swali langu ni viatu. Nimekuwa nikiambiwa lazima ninunue raba za bei kubwa ndipo nianze. Wewe ulifanyaje? Na malengelenge hukupata?

---

MwendaPole

Asante sana ndugu yangu. Kwenye viatu nitakuambia nilivyoona mwenyewe. Wiki tatu za mwanzo nilitumia raba nilizokuwa nazo ndani, zikatosha kwa dakika zile chache. Baadaye nikatafuta za kukimbilia hasa, na nilichozingatia si bei. Nilizijaribu jioni, wakati miguu imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, maana mguu hupanuka hivyo hivyo ukikimbia. Nikahakikisha mbele ya kidole kirefu panabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kisigino hakichezi. Raba inayobana vidole itakung'oa kucha. Na raba huzeeka kwa ndani kabla haijatoboka kwa nje, wengi huzibadilisha zikishapiga kati ya kilomita 500 na 800, kwa hiyo mimi bado niko mbali.

Malengelenge nilipata wiki ya saba, kwa sababu ya soksi za pamba. Zikilowa jasho zinakaa na maji na kusugua. Nikabadili soksi, nikawa napaka mafuta ya mgando katikati ya vidole, kwapani na ndani ya mapaja. Kwa dada zangu: pakeni pia chini ya ukanda wa sidiria ya michezo. Siku ile ya kilomita 9 nilisahau, na maji ya kuoga yalinikumbusha.

---

Chapuchapu

Dada hongera, lakini naomba nitofautiane na wewe. Hii habari ya kwenda polepole inawafanya watu wabaki polepole. Filbert Bayi, yule mwanariadha wa Tanzania, alisubiri nani? Christchurch, 1974, fainali ya mita 1,500 ya Jumuiya ya Madola, aliondoka mbele tangu mwanzo, akawaacha, na hakuna aliyemshika hadi mwisho. 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker aliyekuwa wa pili naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani na bado akashindwa. Mbio ni za kuthubutu. Wewe kilomita mbili za mwanzo ulikuwa na uwezo nazo, tatizo hukuwa na moyo wa kuendelea.

---

Mzee wa Mzunguko

Chapuchapu mdogo wangu, mfano wako ni mzuri na ninauheshimu, ile mbio nitaisimulia hadi naingia kaburini. Lakini usiishie hapo. Bayi huyo huyo, Moscow 1980, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Akaondoka mbele vile vile, akafungua nafasi kubwa kila mtu akajua dhahabu imepatikana. Mzunguko wa mwisho miguu ikawa mizito, Malinowski wa Poland akamjia, akampita. Bayi akapata fedha. Fedha ya Olimpiki ni heshima kubwa, sitaki mtu anielewe vibaya. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja, moyo ule ule, mbinu ile ile, mara moja ikampa rekodi na mara nyingine ikamdai mwishoni. Na huyo alikuwa Bayi, aliyeijua miguu yake kuliko sisi tunavyoijua mikono yetu.

Sasa angalia upande wa pili. Kelvin Kiptum wa Kenya, Chicago, Oktoba 2023, marathoni. Nusu ya kwanza dakika 60 na sekunde 48. Nusu ya pili 59 na 47. Jumla 2:00:35, rekodi ya dunia. Aliongeza kasi kwenye nusu ambayo wengine wote wanakufa. Mungu amrehemu kijana yule, aliondoka mapema sana.

Kwa mtu wa mbio za kwanza mimi ningemwambia afuate ya Kiptum. Bayi aje baadaye.

---

Chapuchapu

Nimekuelewa mzee wangu. Hiyo ya Moscow sikuwa naijua. Lakini bado nasimamia kwamba mazoezi ya polepole peke yake hayatoshi.

---

MwendaPole

Kaka Chapuchapu, kwenye hilo tunakubaliana, na nimekosea kutolitaja. Tangu wiki ya saba siku moja kati ya tatu nilikuwa nakimbia kwa kasi: dakika moja kali, dakika mbili taratibu, mara sita, baada ya kupasha misuli dakika kumi. Siku hiyo sentensi sikuitafuta kabisa. Siku mbili zilizobaki niliziacha ziwe nyepesi kweli. Nilichogundua ni kuwa siku nyepesi ukizifanya ngumu kidogo, siku ngumu inakukuta umechoka na huwezi kuifanya ngumu inavyotakiwa. Unabaki katikati kila siku, unachoka tu.

Lakini kuhusu moyo wa kuendelea, hapana. Moyo nilikuwa nao. Kilichokosekana ni masikio.

---

Nesi wa Zamu

Habari wadau. Nimewahi kukaa kwenye hema la huduma ya kwanza kwenye mbio kama hizi, naomba niongeze kwa faida ya wanaosoma kimya kimya.

Moja, maji. Watu wanaogopa kukaukiwa hadi wanakunywa kupita kiasi. Maji mengi kuliko unayotoka jasho huizimua chumvi ya damu, na mtu anaweza kuchanganyikiwa, kutapika, hata kupoteza fahamu. Kwa kilomita 10, kunywa ukisikia kiu, mafundo machache, basi. Anayekaa barabarani muda mrefu ndiye yuko hatarini zaidi kwa pande zote mbili, kukaukiwa na kuzidisha.

Mbili, maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au pumzi kukatika kwa namna usiyoizoea: simama. Hapo hapo. Usisubiri kumaliza. Kichomi cha ubavuni ni kitu kingine, hicho kinapungua ukipunguza mwendo na kutoa pumzi ndefu. Kama una presha, sukari, au kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, muone daktari kabla ya wiki ya kwanza ya mazoezi.

Tatu, ukivuka mstari wa mwisho usisimame ghafla wala kujitupa chini. Endelea kutembea dakika tano au kumi. Damu imejaa miguuni, na misuli inayotembea ndiyo inayoisukuma irudi juu. Wengi wanaodondoka hudondoka hatua chache baada ya kumaliza. Na ukiwa na homa siku hiyo, baki nyumbani, hata kama umeshalipia.

---

MwendaPole

Asante sana nesi, umenigusa mahali. Hapo kwenye maji nina dukuduku.

Kituo cha maji kilikuwa kilomita ya 5. Nilipofika mimi, kwa dakika 35 na ushei, vikombe vilikuwa vinaelekea kwisha. Waliokuja nyuma yangu kwa dakika kumi au kumi na tano walikuta meza tupu na vikombe vilivyokanyagwa. Aliyemaliza kwa dakika 35 jua halijamkuta. Aliyehitaji saa moja na nusu ndiye jua limempiga, na ndiye aliyekosa. Sitaji waandaaji, watu walijitolea na nawashukuru, lakini nimewaandikia na nimewaomba hesabu ya maji ianzie kwa mtu wa mwisho kurudi kwa wa kwanza.

---

Kisigino

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 22, mwili wangu ni mkubwa, nimejiandikisha mbio za kilomita 5 zitakazokuwa baada ya wiki tisa. Nimesoma uzi huu mara mbili. Ninachoogopa sana si maumivu. Naogopa kuwa wa mwisho, watu wameshaondoka, nafika peke yangu. Samahani kama ni swali la kitoto.

---

MwendaPole

Marahaba mdogo wangu. Si swali la kitoto. Nami nilikuwa nalo nikalificha.

Nikueleze kitu ambacho sikukiandika juu. Nilipomaliza sikuondoka. Nilikuwa namsubiri yule mzee nimshukuru. Alifika kwa mwendo ule ule, nikamshika mikono, tukasimama pamoja kivulini. Nilitaka kuaga, akaniambia, "Ngoja kwanza, wenzetu bado wako barabarani." Nikaona haya, maana nilikuwa nimewasahau.

Tukasubiri. Watu wakapungua. Muziki ukazimwa. Vijana wakaanza kukunja mahema, mwingine akaja kuzima saa kubwa. Mzee akamfuata, akazungumza naye kwa upole, ikaachwa iwake. Tulikuwa tumebaki kama watu ishirini.

Ndipo akatokea mama mmoja kwenye kona, anatembea, nyuma yake gari la wagonjwa linakuja polepole na pikipiki ya kusindikiza. Alipotuona alitaka kuingia pembeni, nilimwona kabisa anatafuta njia ya kutokea. Mzee akaanza kupiga makofi, sote tukapiga. Mama yule akaanza kukimbia. Mita mia hivi za mwisho alizikimbia, analia, na alipovuka mstari hakujua pa kwenda akanikumbatia mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu. Alikuwa amejifungua miezi saba iliyopita, aliniambia, na tangu hapo hakuwahi kutoka nyumbani kwa jambo lake mwenyewe.

Saa ilisomeka saa 2 na dakika chache.

Mwaka 1968 kule Mexico, wakimbiaji 75 walianza marathoni ya Olimpiki na 57 wakamaliza. John Stephen Akhwari wa Tanzania alikuwa wa 57. Alikuwa ameanguka njiani akaumia goti, akaingia uwanjani jioni mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Mimi nimelijua jina lake tangu utotoni. Jina la aliyeshinda siku ile nimelitafuta juzi tu: Mamo Wolde wa Ethiopia, naye shujaa mkubwa.

Kuhusu kufika ukakuta wameondoka: hilo linategemea wale waliotangulia. Nami nimeshajiwekea kwamba popote nitakapokimbia sitaondoka hadi gari la wagonjwa lifike.

---

Mzee wa Mzunguko

Umenitoa machozi binti. Na niongeze kwenye lile lako la "sikufanya mazoezi ya watu", maana naona watu wamelipita. Eliud Kipchoge wa Kenya alipokimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, hakuwa peke yake hata kilomita moja. Wakimbiaji 41 walimzunguka kwa zamu, wakimkinga upepo na kushikilia mwendo. Ndiyo maana haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, lakini mtu anayejua zaidi kuliko wote kukimbia aliona anahitaji watu. Watu wanaweza kukuibia mwendo, na wanaweza kukuwekea. Inategemea umejipanga nyuma ya nani. Pale mwanzoni jipange nyuma, kwa wale wanaokwenda mwendo wako au pungufu. Utapita watu badala ya kupitwa.

---

Raba Kuukuu

Mzee wangu, hilo la kujipanga nyuma nalichukua kama lilivyo. Jumamosi tunaanza, mimi na wenzangu wawili wa kazini.

---

Kisigino

Asante dada, asanteni wote. Kesho alfajiri naanza, dakika moja kukimbia mbili kutembea. Ila ile sentensi ndefu kuisema peke yangu barabarani naona aibu, watu watanishangaa.

---

MwendaPole

Basi iache. Wewe amkia watu. Kila unayepishana naye, mkubwa kwako mpe shikamoo, wa rika lako muulize habari za asubuhi, na usiishie hapo, msikilize anavyokuitikia umjibu. Salamu ikikatika, punguza mpaka iunge. Mimi nitapita barabara yangu saa kumi na moja na nusu. Ukirudi, andika hapa salamu ya ngapi ndiyo iliyokatika.